Kuhamia Magharibi na Kufungua Shamba Pori: Kutoka Newala na Tandahimba Hadi Nanyumbu, Nachingwea na Liwale

Uwanda wa Makonde umejaa. Shamba la babu likigawiwa watoto saba, kila mmoja anabaki na mistari michache ya mikorosho iliyozeeka, na maji yako bondeni, chini ya mteremko. Ndiyo maana familia nyingi za Newala na Tandahimba hutazama magharibi: Nanyumbu, Nachingwea, Liwale, na nyingine huvuka mpaka wa mkoa hadi Tunduru. Pori bado lipo huko. Ila wengi wanaorudi mikono mitupu hawakushindwa na kufyeka. Walishindwa kati ya Januari na Machi mwaka wa kwanza, magunia yameisha na mahindi shambani bado hayajabeba. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unahusu namna ya kuvuka miezi hiyo mitatu.

Jambo la kwanza, usihamishe familia nzima kwa mkupuo. Watu wawili au watatu wenye nguvu watangulie Julai, wafyeke ekari mbili, wajenge kibanda na wapande. Waliobaki nyumbani wavune korosho na kuziuza Oktoba hadi Desemba, wawe wanatuma chakula, kisha wafuate Juni au Julai ya mwaka wa pili, mavuno ya huko yakishakauka. Mikorosho ya nyumbani ndiyo benki ya safari yote. Usiiuze, wala usiiweke rehani ili upate nauli, kwa sababu mwenye rehani ataokota korosho zako msimu uleule ambao watangulizi wanahitaji unga kuliko wakati mwingine wowote.

Wanafunzi wahamishwe kwa barua ya uhamisho kutoka shule wanayotoka. Mwaka wa shule unaanza Januari, hivyo mtoto wa darasa la mitihani ni afadhali abaki kwa bibi amalize. Panga pia mapema kama kuna vijana wa jando au unyago mwaka huo, maana sherehe hula akiba na huangukia miezi ya kiangazi, wakati wa kufyeka.

Kutazama ardhi

Ardhi hutazamwa mara mbili. Nenda Februari au Machi mvua zikiwa zimekolea, uone maji yanatuama wapi. Rudi Septemba au Oktoba, uone maji yamebaki wapi. Anayeuza au kuonyesha pori hupenda kukuita Juni, kijito kikiwa bado kinatiririka na majani mabichi. Juni kila pori ni zuri.

Ukifika Oktoba, usimwulize mwenyekiti peke yake habari za maji. Waulize kina mama wanaochota: kisima kipi kinabaki na maji hadi mvua za kwanza, wanatoka nyumbani saa ngapi na kurudi saa ngapi. Kisha nenda nao siku moja ukahesabu mwenyewe.

Udongo upime kwa shimo. Chimba mita 1.5 kwenda chini, sehemu tatu tofauti za shamba. Unachotaka ni kichanga tifutifu chenye rangi nyekundu au ya kahawia isiyobadilika ghafla. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo maji hutuama kila kifuku. Ukigonga mwamba au tabaka gumu kabla ya mita moja, mzizi mkuu wa mkorosho utaishia hapo: mti utakua vizuri miaka ya mwanzo, kisha utadumaa na wewe utalaumu mbegu. Mwaga maji shimoni, yaache yazame, mwaga tena jioni. Asubuhi shimo linatakiwa liwe tupu. Mbuga nyeusi inafaa mpunga, lakini mkorosho hauivumilii.

Ukikuta mwembe mkubwa katikati ya pori, simama kwanza. Mwembe haujipandi wenyewe pale. Hapo ni hame. Watu wengi waliondolewa kwenye makazi yao ya zamani wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, na wajukuu wao wanajua kabisa makaburi yako wapi. Ardhi ya hame mara nyingi ni nzuri, na mara nyingi ina mwenyewe. Kigogo wa kitongoji ataijua historia yake kwa dakika tano, ilhali ukianza kufyeka kwanza, kesi inaweza kuchukua miaka.

Angalia pia mavi ya tembo, matawi yaliyovunjwa na magome yaliyobanduliwa. Vijiji vilivyopakana na hifadhi, kama vile vya upande wa Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kule Liwale, au vilivyo jirani na Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu, vina ardhi nyingi kwa sababu inayoeleweka.

Kijiji na karatasi

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Anayetoa ardhi siyo mwenyekiti, wala siyo mzee mwenye heshima aliyekupokea. Ombi linaandikwa kwenye fomu, linapokelewa na mtendaji wa kijiji, linajadiliwa na halmashauri ya kijiji na linaidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Beba barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji unachotoka na kitambulisho cha taifa. Omba kuhudhuria mkutano wenyewe, jina lako na ukubwa wa eneo visomwe mbele ya watu, na upate nakala ya muhtasari yenye mhuri. Muhtasari huo utakufaa kuliko risiti yoyote.

Kabla ya hapo ulizia ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kijiji chenye mpango kimeshatenga eneo la kilimo, la malisho, la makazi na la msitu. Liwale, kwa mfano, kuna msitu wa Angai unaomilikiwa na vijiji. Hapo hupewi shamba na mtu yeyote, hata akikuonyesha mipaka. Hata ndani ya eneo lako, miti ya mbao kama mpingo, mninga na mkongo usiiangushe bila kibali.

Ukinunua kwa mtu, hati ya mauziano iandikwe ofisini kwa mtendaji, mashahidi wakiwemo majirani wa pande zote nne na mke au mume wa muuzaji. Kesi nyingi huanzia kwa mke ambaye hakushirikishwa. Pima kwa kamba, siyo kwa macho: ekari ni hatua 70 kwa 70 za mtu mzima. Panda mnyaa au mti mwingine wa kudumu kwenye kila kona. Baadaye ombeni hatimiliki ya kimila, na majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Ugomvi wa mpaka ukitokea, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake.

Wenyeji wako ni Wamakua na Wayao ukiwa Nanyumbu, Wamwera ukiwa Nachingwea, Wangindo ukiwa Liwale. Jitambulishe msikitini au kanisani, hudhuria misiba tangu wiki ya kwanza. Mgeni asiyezika na wenzake hapati mtu wa kumwambia kwamba tembo wamevuka jana usiku.

Chakula na mzigo

Piga hesabu kabla ya kununua hata panga. Mtu mzima anayefyeka hula karibu nusu kilo ya unga kwa siku, na zaidi. Watangulizi watatu kuanzia Julai hadi mwisho wa Aprili ni siku 300, yaani kilo 450 kwa uchache: magunia matano ya kilo 100, kwa kuwa lazima uache na ya wageni na ya wadudu. Familia ya watu wazima wawili na watoto wanne hula kama kilo 2.5 kwa siku. Ikilazimika kuwepo kuanzia Desemba hadi Aprili, ongeza magunia manne. Makopa hubebeka vizuri na hayaharibiki upesi yakikauka sawasawa. Ongeza kunde au choroko kavu, chumvi, na dagaa.

Chakula chote kifike kabla ya katikati ya Desemba. Barabara kuu ya Masasi, Mangaka hadi Tunduru ni ya lami, lakini kutoka Nachingwea kwenda Liwale, na njia zote za kuingia vijijini, mvua zikishaanza gari la mizigo linaweza kulala njiani siku kadhaa, na bei ya unga kijijini inapanda siku hiyohiyo.

Zana za watu watatu: majembe manne, mapanga matatu, mashoka mawili ya mpini mgumu na mipini miwili ya akiba, fyekeo, tupa ya kunolea, sururu moja, kamba ya katani mita 50, ndoo, madumu sita ya lita 20, turubai kubwa moja, vyandarua vyenye dawa kwa kila anayelala, na dawa ya kutibu maji. Turubai litakuwa paa wiki za mwanzo na uwanja wa kupuria ufuta baadaye. Mbegu za muhogo ni bora uzikate kwa jirani wa huko huko kuliko kuzibeba, kwa sababu mashina hubeba batobato na michirizi kahawia. Kata kwenye mimea ambayo umeing'oa ukaona mizizi yake haina madoa ya kahawia ndani. Michirizi huonekana kwenye mizizi wakati majani bado yanadanganya. Vivyo hivyo usisafirishe miche ya korosho ya kitalu usichokijua: mnyauko fuzari hukaa kwenye udongo na husafiri na kiriba.

Kufyeka na kuchoma

Ekari mbili, basi. Kishawishi cha kufyeka kumi ni kikubwa, hasa ukipewa kumi. Nachingwea yenyewe ilishaona mpango wa karanga wa Waingereza: mwaka 1947 ulianza na matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani, mwaka 1951 ulifutwa. Walifungua maeneo makubwa kabla ya kujua udongo na mvua vinasemaje. Mtu mwenye shoka na panga hutumia wiki tatu au zaidi kwa ekari moja ya miombo iliyokomaa, na ekari iliyofyekwa isiyopaliliwa Januari inarudi kuwa pori Machi.

Julai na Agosti fyeka vichaka kwanza, kisha angusha miti. Kata visiki usawa wa goti; kuving'oa mwaka wa kwanza ni kupoteza nguvu, na baada ya miaka miwili au mitatu vingi vitakuwa vimeoza. Rudia kukata machipukizi tu. Acha miti michache ya kivuli na ya matunda. Nguzo, fito na kuni zitoe kabla ya kuchoma chochote. Nyasi za kuezekea zikate Julai au Agosti, kwa sababu moto wa pori ukipita Septemba huzipati tena.

Matawi yaliyobaki yakusanye kwenye mafungu katikati ya shamba. Chonga kinga moto ya mita 5 kuzunguka eneo lote, udongo uonekane. Choma Oktoba, jioni upepo ukitulia, baada ya kumwarifu mtendaji na majirani, watu wanne wakiwa na matawi mabichi na maji. Moto ukitoroka ukaunguza mikorosho ya jirani, utalipa, na utakuwa umeanza ujirani kwa deni. Fungu likishaungua, tawanya majivu.

Kupanda ili Februari upate kula

Mvua za Kusini ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mara nyingi hukatika kidogo kati ya Januari na Februari. Usidanganywe na mvua ya kwanza. Chimba kwa jembe: unyevu ukifika sentimita 30 ndipo upande.

Ekari ya kwanza ni ya chakula. Mahindi ya muda mfupi, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo, kama kilo 10 kwa ekari. Kati ya mistari weka kunde. Hii kunde ndiyo itakayokuokoa: baada ya wiki nne unachuma majani yake kwa mboga, na baada ya miezi miwili na kidogo unakula kunde zenyewe, mahindi yakiwa bado. Pembezoni panda maboga. Mbaazi zipande ndani ya mahindi pia. Zitakaa kimya hadi mahindi yavunwe na kuiva kiangazi. Kagua mahindi mara mbili kwa wiki, ukifungua majani machanga ya katikati. Viwavijeshi vamizi wakiwa wadogo wanadhibitika; wakishakuwa wakubwa wamejificha ndani na dawa haiwafikii.

Nusu ekari ni ya muhogo, mita 1 kwa 1, vipando vya sentimita 25 hivi. Hautakusaidia mwaka huu, lakini Desemba ijayo ndio ghala lako. Ukiwa mchungu, umenye, ulowekwe kisha ukaushwe vizuri kabla ya kusagwa. Njaa imewafanya watu waruke hatua hiyo na wakaugua.

Nusu ekari iliyobaki ni ya ufuta, upandwe mwishoni mwa Januari au Februari. Mbegu kilo 2 kwa ekari, uchanganye na mchanga mkavu ili zisimwagike nyingi pamoja. Mistari sentimita 50, kina sentimita 2 hadi 3, na wiki ya pili au ya tatu upunguze mche mmoja kila sentimita 10. Palizi ya kwanza ichelewe na ufuta umekwisha, kwa kuwa unakua polepole sana mwanzoni na magugu yanaufunika. Uvune vidonge vya chini vikianza kugeuka manjano, kabla havijapasuka. Funga vitita, visimamishe juu ya turubai, kung'uta baada ya kukauka. Fedha ya kwanza ya pori hutoka hapa, karibu na Juni, na ndiyo inayowaleta mama na watoto.

Machi ikibana, wenyeji watakuonyesha wapi pa kuchimba ming'oko. Chimba na anayeijua, maana si kila kiazi pori huliwa.

Nyumba, maji, choo

Kibanda cha mita 3 kwa 5 kinawatosha watangulizi. Nguzo zifukiwe sentimita 60, na sehemu ya kufukiwa ichomwe moto hadi iwe nyeusi, pamoja na kipande kidogo juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu mchwa huanzia pale pale mti unapogusana na udongo. Paa liwe na mteremko mkali, na nyasi zenye unene wa kiganja kizima. Paa lililolala huvuja na kuoza kwa misimu miwili. Makombamoyo yatokeze nje ya ukuta sentimita 60 ili mvua isipige udongo uliokandikwa. Kandika kabla ya Novemba, chimba mfereji kuzunguka nyumba.

Choo cha shimo, mita 3 kwenda chini, kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Kichimbwe wiki ya kwanza. Watu watatu porini wasio na choo, mvua ya kwanza hupeleka kila kitu kwenye maji wanayokunywa.

Mtu wa uwandani ana ujuzi mmoja ambao wengi wa magharibi hawana, nao ni kuvuna maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 900 na upotevu wa moja ya tano, hutoa zaidi ya lita 34,000 kwa msimu. Watu 7 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 180 kinahitaji lita 25,200. Kwa hiyo fedha ya ufuta wa pili iende kwenye bati na saruji ya kisima cha kuhifadhia maji hayo kabla ya pikipiki. Mvua mbili za mwanzo ziache zioshe paa, na kisima kifunikwe kabisa, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya watoto.

Kuku walete mapema, wachache, na wapewe chanjo ya kideri tone moja jichoni kila miezi 3. Ng'ombe usiharakishe, kwenye mbung'o watakufa.

Kulinda

Nyani huja mchana, nguruwe pori usiku kwenye muhogo na mahindi, tembo Aprili na Mei mazao yakiiva. Dungu lijengwe juu, mita 3 au zaidi, lenye sakafu imara na ngazi ya kuvuta. Usilale chini kwenye kibanda wazi cha shambani, hata mara moja. Simba humfuata nguruwe, na nguruwe humfuata muhogo wako. Watu wengi walioliwa Lindi walikuwa wakilinda mashamba usiku.

Kwa tembo, zungusha kamba ya katani kwenye nguzo, ning'iniza vitambaa vilivyopakwa pilipili kali iliyosagwa na oili chafu ya gari, na paka upya kila baada ya mvua. Hupunguza, haizuii kabisa. Wakiharibu mazao, mlete mtendaji na ofisa wa wanyamapori siku hiyohiyo waone na kuandika, kabla hujasafisha shamba, kwa sababu kifuta jasho hutolewa kwa tathmini.

Mikorosho

Mashimo ya mikorosho yachimbwe Oktoba na Novemba ndani ya ekari zilezile mbili, umbali wa mita 12 kwa 12, kama miche 28 kwa ekari. Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke pembeni, uuchanganye na debe moja la samadi iliyooza, urudishe wiki mbili kabla ya kupanda. Miche iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, ila iwe ya kitalu kinachoaminika. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Mtwara mjini, ndiko aina bora zinakotoka. Chana kiriba chote, kiungo kibaki juu ya udongo, na kila chipukizi la chini ya kiungo likatwe. Usipofanya hivyo utalea mti wa kienyeji kwa bei ya mche bora.

Ukipanda mbegu, chukua za msimu huo, zitie majini, zinazoelea ziache. Tatu kila shimo, kina sentimita 5, upande wa kikonyo ukitazama juu. Baadaye bakiza mche mmoja.

Kinachoua mikorosho michanga zaidi magharibi ni moto wa kiangazi cha kwanza. Mei na Juni palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche na uchonge upya kinga moto. Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yatoe.

Ikianza kuzaa, ubwiri unga utakuja Juni na asubuhi za umande. Salfa ya unga, gramu 250 kwa mti mkubwa na pungufu kwa mdogo, alfajiri majani yakiwa na unyevu, kila siku 14, kuanzia maua yanapochomoza. Ukiona majimoto, wale sisimizi wekundu, wamejenga juu ya mkorosho, waache: wanawinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi.

Jiandikishe AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kijiji kipya mara tu miche inaposhika, kwa jina lililo kwenye muhtasari wa ardhi, idadi ya miti ikiwa sahihi, ili uingie kwenye daftari la pembejeo. Usiuze kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaopima kwa bakuli, hata shida ikibana vipi. Bakuli halina mizani na malipo yake hayana kumbukumbu. Okota zilizoanguka tu, tenga na bibo siku hiyohiyo, anika juani siku mbili au tatu hadi zigonge kama kokoto ukitikisa kiganja, kisha jaza kwenye gunia la katani, siyo la plastiki, ambamo hutoa jasho na kuoza kabla hazijafika ghalani.